Mto Njoro: Uchambuzi wa Kijito Kinachokauka Huku Ziwa Nakuru Likifurika

Mwishoni mwa Februari, kwenye kivuko kimoja kilicho chini kidogo ya mji wa Njoro, nchini Kenya, mto huwa ni utepe wa mawe na mchanga uliokauka, na anayepita hapo kwa mara ya kwanza hudhani ni njia ya ng'ombe. Siku niliyofika, mama mmoja alikuwa amepiga magoti mchangani kando ya shimo lenye kina cha mkono mzima, akichota maji kwa kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono na kuyamimina polepole katika mtungi wa lita 20, ambao mdomo wake alikuwa ameufunika kwa kipande cha leso ili kuchuja. Kila baada ya vikombe kama kumi alisimama, akanyoosha mgongo, akangoja shimo lijae tena. Nilimwuliza yuko hapo tangu saa ngapi. “Mwalimu, huu ni mtungi wa pili, na nilitoka nyumbani kabla watoto hawajaenda shule,” alijibu, kisha akaniuliza swali lake: “Na huko ziwani si wanasema maji yalimeza hata lango la mbuga? Yalipitia wapi, ikiwa hapa hayapo?”

Uchambuzi huu wote ni jaribio la kumjibu. Katika mabaraza ya chifu na mikutano ya watumiaji wa maji, kisa cha Njoro husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema mto uliuawa na waliofyeka msitu wa Mau, ulio milimani unakoanzia, na wapo wanaosema mvua ndiyo iliyobadilika, na ushahidi wanaoutoa ni hilo hilo ziwa lililojaa. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini hakuna hata mmoja unaoweza kumtosheleza yule mama, kwa sababu mto uliokufa haujazi ziwa, na mvua iliyoongezeka haielezi shimo la mchangani mwezi wa pili. Ninavyoona mimi, Njoro haujapungukiwa sana na maji ya mwaka mzima. Kilichoharibika ni ratiba yake ya kuyatoa, na juu ya hilo kuna sehemu ya ukavu wake ambayo ni ya asili na ambayo haimhusu mtu yeyote.

Tuanze na ardhi yenyewe. Njoro si mto mkubwa, na mahali pengi mtu mzima huuvuka kwa kukanyaga jiwe moja katikati. Unaanzia kwenye ukingo wa Mau Mashariki, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, unapokea vijito vidogo kikiwemo cha Shuru, unapita kando ya Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, na baada ya takriban kilomita 60 unafika Ziwa Nakuru, lililo kwenye mita 1,760 hivi. Bonde lote linaloulisha lina takriban kilomita za mraba 280. Mau ni kama paa la nyumba: tone likianguka upande wa magharibi hufuata Mto Sondu hadi Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu, likianguka kusini huweza kuishia Mto Mara, likianguka upande wetu wa mashariki huteremka hadi Nakuru na kukwama huko, kwa maana ziwa hilo halina mto unaotoka ndani yake. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke na kuacha magadi nyuma.

Mvua ya bonde hili ina vilele vitatu: Aprili na Mei, kisha Agosti, kisha Novemba. Baada ya hapo, kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi, mawingu huadimika na mto hauna budi kuishi kwa akiba. Akiba hiyo haiko kwenye bwawa lolote. Iko ndani ya udongo wa milima ya juu, ambao ni majivu ya volkano ya kale, mwepesi na wenye vitundu vingi, na ambao ukiwa umefunikwa kwa majani makavu na mizizi hunyonya maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Mto wa kiangazi ni maji ya mvua ya zamani yanayochelewa kufika, na kuchelewa huko ndiko kulikoufanya uwe mto.

Watu wameujua ucheleweshaji huo kwa muda mrefu sana. Mwaka 1938, wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walichimba katika pango dogo kando ya mto huu na kukuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa kabla ya kuzikwa, wakiwa na bakuli za mawe, mawe ya kusagia, shanga na vifaa vya kioo cha volkano. Wafugaji hao wa utamaduni uitwao Elmenteita waliishi takriban miaka 3,000 iliyopita. Kati ya vitu vilivyohifadhiwa na moto huo kulikuwa na vipande vya kibuyu vilivyoungua vikabaki makaa. Baadaye sana walikuja Wamaasai, na jina la mto bado linabeba lugha yao, kwani enchoro kwa Kimaa ni chemchemi au mahali pa kunywesha mifugo. Huko juu msituni walikuwako Waogiek, wawindaji na warina asali, ambao uchumi wao wa mizinga ulihitaji miti iliyosimama.

Karne iliyopita ilibadilisha mambo kwa kasi. Reli iliyokuwa ikielekea Kisumu ilipita Njoro. Mkataba wa Wamaasai wa mwaka 1904 uliwaondoa wenyeji wa nyanda hizi. Na tangu mwaka 1903 mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alikuwa amepewa ekari zipatazo 100,000 hapa. Kondoo na ng'ombe wake walikufa kwa wingi, kwa kuwa malisho ya sehemu hizi hayana madini ya kutosha, hasa kobalti, na ugonjwa huo bado vitabuni unaitwa kwa jina la Nakuru. Ndipo akageukia ngano. Utafiti wa ngano umebaki Njoro hadi leo, na wanasayansi wa nchi nyingi huleta mbegu zao zijaribiwe hapa dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Mwaka 1939 mlowezi mwingine, Lord Egerton, alianzisha shule ya kilimo ambayo mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Nimepita haraka katika historia hii yenye utamu wake kwa sababu moja: wakulima hao wote walilima nyanda za kati, zilizo karibu tambarare, huku paa la juu likibaki msitu, ingawa sehemu yake iligeuzwa kuwa mashamba ya miti ya mbao. Mto uliumia, lakini akiba yake haikuguswa sana.

Paa liliguswa kuanzia miaka ya 1990, makazi yalipofunguliwa Nessuit, Mariashoni na kwingineko, na pigo kubwa likaja Oktoba 2001, serikali ilipoondolea hadhi ya msitu zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki, ambazo ni takriban nusu ya eneo hilo. Mitarakwa, mizeituni mwitu na mianzi ilitoa nafasi kwa viazi, mahindi na njegere kwenye miteremko ambayo huwezi kusimama wima bila kushika kitu. Sisemi hili kumlaumu aliyepewa ekari zake tano na kuambiwa ajipange. Wala si haki kuwatupia Waogiek mzigo huo, jambo ambalo limefanyika mara nyingi kila walipofukuzwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017, haikukubali kwamba kuhifadhi mazingira ni sababu halali ya kuwaondoa.

Sasa tutazame kinachotokea mvua inaponyesha kwenye mteremko huo. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000. Mvua ya alasiri moja ya milimita 30, ambayo si ajabu Nessuit mwezi wa nne, huangusha lita 300,000 kwenye hekta moja, yaani mitungi 15,000 ya ukubwa wa ule wa mama wa kivukoni. Chini ya msitu, sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Kwenye shamba la viazi lililopaliliwa juzi, matone hupiga udongo mtupu, chembechembe laini huziba vitundu vyake na kuunda utando mgumu juu, na maji yanakosa mlango wa kuingilia. Njia za mifugo zilizoshindiliwa kwa kwato huwa mifereji. Maji yaliyopaswa kufika Februari hufika usiku ule ule, mekundu, mazito kama uji wa wimbi, na kesho yake saa sita mchana yameshapita.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule mama ni hili: maji yalipita hapa kweli, lakini yalipita Aprili, Agosti na Novemba, kwa usiku chache, wakati mtungi wake ulikuwa na uwezo wa kuchukua lita 20 tu. Ziwa lisilo na mlango halijali tone limefika mwezi gani. Hulipokea na kulihesabu kwenye jumla ya mwaka. Binadamu na kijito wanaishi kwa hesabu ya siku. Ndiyo maana bonde moja linaweza kuwa na ukame katikati na mafuriko mwisho wake bila kanuni yoyote ya maumbile kuvunjwa.

Ziwa lenyewe lina kisa chake, na si haki kuutwika Njoro peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka kabisa. Kuanzia mwaka 2010 hivi lilianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 eneo lake lilikuwa limetoka takriban kilomita za mraba 40 hadi 68. Lango kuu la mbuga lilihamishwa, na migunga ya manjano ya ukingoni ilikufa ikiwa imesimama majini. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Baringo, yalipanda katika miaka hiyo hiyo, hata yale ambayo mito yao haitoki kwenye msitu uliofyekwa namna hii. Hilo linaonyesha kwamba mvua iliyozidi kawaida ilikuwa chanzo kikuu, na uharibifu wa ardhi uliongezea kasi na matope. Kuna pia mito ya Makalia na Nderit, chemchemi za Baharini ambazo hazikauki, na maji ambayo jiji la Nakuru huletewa kwa bomba kutoka Turasha, upande wa bonde la Naivasha, ambayo yakishatumiwa na kusafishwa huteremka ziwani. Kila anayevuta choo Nakuru, kwa namna fulani, anahamisha maji kutoka bonde moja hadi jingine.

Magadi yalipozimuliwa, mwani wa buluu na kijani unaoliwa na heroe (flamingo) ulipungua, na ndege hao wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Tangu miaka ya 1950 ziwani kumekuwa na samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu, na hao ndio waliowavuta mwari. Sasa maji yamepungukiwa chumvi kiasi kwamba perege wa maji baridi nao wanavuliwa.

Turudi mtoni, kwenye jambo ambalo wasimulizi wa pande zote mbili hulisahau. Chini ya mji wa Njoro mto unaingia katika ardhi iliyokatwa na nyufa za kijiolojia na yenye miamba ya majivu na mawe mepesi yanayovuja. Hapo maji huzama chini hata bila mtu kuyagusa, na katika miaka ya kiangazi kirefu mto haukuwa ukifika ziwani hata msitu ulipokuwa mzima. Anayesimama karibu na Nakuru akaona mto mkavu na kusema “tazameni kazi ya walanguzi wa ardhi” anaweza kuwa anatazama kazi ya Bonde la Ufa. Sehemu iliyobadilika kwa kweli ni ile ya kati, kuanzia Egerton hadi chini kidogo ya mji, ambako wazee hukumbuka mto unaotiririka mwaka mzima na ambako sasa kuna mashimo ya mchangani. Ninakubaliana na wazee hao kwa sababu mimi mwenyewe nilifunzwa kuogelea katika kidimbwi kilichokuwa hapo, na leo kidimbwi hicho kimejaa mchanga hadi mtoto wa miaka mitano anatembea juu yake akiwa na viatu.

Wadudu wa mtoni hutoa ushahidi usiopendelea upande. Huko juu, ambako bado kuna kivuli, niligeuza jiwe lenye ukubwa wa sahani. Chini yake walikuwa wameng'ang'ania mabuu bapa ya rangi ya kahawia, kila mmoja akiwa na mikia mitatu myembamba kama nywele na matamvua yanayopepea pembeni mwa tumbo. Hao hawawezi kuishi bila maji baridi yanayokimbia na yenye hewa nyingi. Kwenye kidimbwi kilichobaki chini ya mji, jiwe la ukubwa ule ule lilikuwa na utelezi mweusi, na ndani ya matope yake mlikuwa na minyoo myekundu, ambao kwa hakika ni mabuu ya usubi wasiouma. Wekundu wao ni wa damu inayoshika hewa vizuri, na ndiyo inayowawezesha kuvumilia maji yaliyolala. Hakuna aliyehitaji kifaa cha maabara kujua mto umebadilika kati ya mawe hayo mawili. Mvua ikirudi, baadhi ya wale wa juu huchukuliwa na mkondo na kuanza maisha upya chini, ndiyo maana nasita kutumia neno “kufa.” Mradi kilomita chache za juu bado zina mbegu, mto huu hujirudishia viumbe wake kila mwaka.

Je, nini kimefanywa? Sheria ya maji inatenga ukanda usiolimwa wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Mwaka 2009, John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Vyama vya watumiaji wa maji hupanda miche kwenye kingo kila msimu, na picha hupigwa. Ninaunga mkono kazi hiyo, lakini hebu tupige hesabu. Tukipanda mita 30 kila upande kwa urefu wote wa kilomita 60, tutakuwa tumefunika hekta 360. Bonde zima lina hekta 28,000. Ukanda mzima, ukipandwa bila kuacha pengo hata moja, ni asilimia moja na kidogo ya ardhi inayopokea mvua. Utashika kingo zisibomoke, utachuja matope, utawapa kivuli wale wadudu wa mikia mitatu. Lakini hauwezi kurudisha maji ya Februari, kwa sababu maji hayo hayapotei ukingoni. Yanapotea kilomita kadhaa kutoka mtoni, kwenye shamba ambalo mwenyewe huenda hajawahi kuuona mto.

Kwa hiyo kama ningepewa nafasi ya kuamua juu ya shilingi chache zilizopo, ningezipeleka kwanza kwenye miteremko: matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu), mistari ya nyasi za nepia kukata mwendo wa maji, matandazo juu ya udongo kati ya misimu, na viazi vipandwe kukingama na mteremko badala ya kuufuata. Hayo hayamtaki mtu ahame. Ningeongeza mashimo ya kupokea maji kando ya barabara za murram, ambazo huleta mtoni matope mengi kuliko zinavyolaumiwa. Na msitu uliobaki ulindwe, Waogiek wakiwa ndani ya ulinzi huo. Kuhusu pampu za petroli zinazomwagilia sukuma wiki, kosa ni la miezi mitatu tu, lakini ni miezi ile ile. Pampu moja ndogo huvuta kwa dakika chache maji mengi kuliko shimo la yule mama linavyotoa asubuhi nzima. Zamu za kuvuta maji, Januari hadi Machi, zingegharimu daftari moja na mtu mmoja anayeheshimika wa kulishika.

Nilirudi kwenye kivuko kile Aprili, siku mbili baada ya mvua kubwa ya usiku. Magugu na mabua ya mahindi yalikuwa yamening'inia kwenye matawi, juu ya kichwa changu, yakionyesha maji yalipofika. Mto ulikuwa umeshashuka hadi kwenye magoti, lakini rangi yake ilikuwa ya matofali. Vijana wawili walikuwa wameegesha mkokoteni wa punda wenye mitungi kumi, na mmoja wao, mwenye gambuti, alikuwa ameinama pembeni, hatua mbili kutoka kwenye mkondo, akichimba mchanga kwa mikono. Nikamwuliza kwa nini anachimba ilhali mto umejaa. “Hayo hayanyweki, Mwalimu, hata punda anayakataa,” alisema, akaendelea kuchimba hadi maji yalipoanza kujikusanya chini ya shimo, kwanza machafu, kisha meupe.